Mawe Yamekauka

Siku tulipomzika Mwalimu, nilipewa nafasi ya kusema maneno machache, kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Hapa mtaani Murara watu wananiita Prezida. Nikasema yale yanayosemwa makaburini: kwamba marehemu alikuwa mtu mwenye subira, aliyefundisha watoto wetu Kurani, na kwamba tutaendelea na kazi yake. Watu wakaitikia amin. Nikarudi nyuma na jasho mgongoni, maana Mwalimu hakuwa na subira hata chembe, na kazi yake sikuiendeleza. Yale ambayo sikuyasema kaburini nayaandika hapa.

Alizaliwa wapi na baba yake ni nani, waulizeni wengine. Mimi nilimjua kuanzia fimbo yake. Ilikuwa ya mkaratusi, laini kwa kushikwa sana, na aliitumia kuonyesha herufi ubaoni na kugonga vichwa vyetu kwa zamu. Darasani mwake hakukuwa na majadiliano. Ukimuuliza kwa nini tunasoma sura ile ile tena, anakujibu, "Juu mi nimesema." Wazazi wakilalamika kwamba amezidisha ukali, anawaambia wachukue watoto wao waende nao nyumbani. Hakuna aliyemchukua mtoto.

Mtu huyo huyo ndiye aliyetuletea kura. Wanaomsikia kwa mbali hudhani nachanganya watu wawili.

Zamani kamati yetu ilikuwa inateuliwa na wazee wachache baada ya chai. Kamati ni kitu kidogo, lakini mjini kwetu, ambako mvua inanyesha na maji hayakai kwa sababu chini ni mawe ya volkano, mwenye ufunguo wa tangi la msikiti ni mtu mkubwa. Tangi letu linawapa maji ya udhu wanaosali, na jirani zetu pia huja na madumu yao, Waislamu kwa Wakristo. Kamati ndiyo inaamua mlango ufunguliwe saa ngapi na nani atangulie. Mwalimu alichoka kuona ufunguo ule ukirithiwa kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Akatafuta njia yake mwenyewe.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Wanaotaka kuongoza wanakaa uani kwenye mkeka, nyuso zao zikielekea ukuta wa tangi. Hawaruhusiwi kugeuka. Nyuma ya kila mmoja kuna dumu la manjano lililokatwa mdomo. Mwalimu anasimama mlangoni na gunia la mawe meusi ya lava, madogo ya kuingia kiganjani, na kila anayeingia anapewa moja. Unapita nyuma ya wagombea, unadondosha jiwe lako kwenye dumu la unayemtaka, unatoka. Wanawake wanatangulia, wanaume wakiwa bado nje ya uzio. Wale walioko mkekani wanasikia mawe yakidondoka lakini hawajui nani kayadondosha.

"Mwenye kutaka kututawala azoee kutupa mugongo," alisema Mwalimu. "Asijue nani alimupenda, nani alimukataa. Akijua, kesho atatunyima maji."

Mawe hayo aliyatunza nyumbani kwake. Kila muhula wa miaka mitatu ulipokaribia kwisha, aliyaosha kwa sabuni na kuyaanika juu ya bati uani, karibu na njia. Hakuhitaji kutangaza. Ukipita ukaona mawe juani, unajua kamati inakwenda kuulizwa.

Nilimuuliza mara moja kwa nini anayaosha wakati ni mawe tu. Akanitazama kama enzi zile za ubao. "Mikono ya batu itayashika," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lazima niseme pia kwamba alishindwa. Ile mara ya kwanza kabisa, yeye mwenyewe alikaa mkekani, akiwa na hakika kwamba mwanzilishi wa jambo hatanyimwa jambo. Nilikuwa kijana wakati huo, nikapita nyuma yake na kumpa jiwe langu. Dumu lake lilipopinduliwa, mawe yalikuwa machache kiasi kwamba watu walitazama chini. Aliyeshinda alikuwa muuza makaa ambaye hata Fatiha alikuwa akiisoma kwa makosa. Mwalimu alisimama, akamkabidhi ufunguo wa tangi mbele yetu, akaenda nyumbani na kujifunika blanketi. Mkewe alisema ni homa. Ijumaa iliyofuata hakuja. Ya pili akaja, akamfuata muuza makaa, akamuuliza kuna kazi gani. Alipewa kazi ya kufagia uani na akaifanya huku amenuna muhula mzima.

Mkewe alituchekesha sana na habari hizo. Alisema nyumbani pia mzee anapenda kura, ila kura zenyewe ni mbili na moja ni ya kwake yeye mama, nayo ndiyo inashinda. Mwalimu akisikia hivyo anaitikia kwa kichwa, anasema kwake ana uhuru wote wa kusema. Kushinda ndiko hakuna.

Lakini alikuwa na mipaka yake, na mingine hakuitolea sababu. Wanawake walipiga kura kabla ya wanaume, hilo alilipigania mpaka akakosana na wazee. Ila mama mmoja alipotaka kukaa mkekani kama mgombea, Mwalimu alikataa. Tukambana: kama mkono wake unatosha kudondosha jiwe, kwa nini mgongo wake usitoshe kukaa mkekani? Akaanza kutaja vitabu, akaviacha katikati, akakasirika, akaondoka. Mpaka anakufa hakutupa jibu la maana. Nadhani alijua hana.

Alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa waya, na betri zake alizianika juani pamoja na mahindi. Baada ya swala ya alasiri alisikiliza habari za dunia, hasa za nchi za Waislamu, na zilimuumiza kuliko habari za mtaani. Akisikia Cairo, anaongeza sauti. Alifuata habari za watu wa Misri waliojipanga foleni kuchagua wacha Mungu, kisha jeshi likawaondoa. Akalaani jeshi siku tatu. Akisikia Khartoum, analaani upande wa pili, wale walioingia kwa bunduki wakasema wamekuja na sharia, halafu wakazeeka kitini. Iran ilimchosha kabisa: kura zinapigwa, lakini kuna wazee wanaochuja nani apigiwe. "Banakuachia jiwe, banakuchagulia dumu," alisema. Tunisia aliipenda kwa muda, kisha akaacha kuitaja.

Tukimuuliza yeye yuko upande gani, anakasirika. Alisema ugonjwa ni mmoja. Wanajeshi wanamwogopa Mungu wa watu, na watu wa Mungu wanawaogopa watu wenyewe. Kila mmoja anapenda kura mpaka siku anayoingia ndani. Akishaingia anatafuta komeo la mlango. Tulikuwa tunasikiliza huku tukinywa chai yake, nami nilikuwa nikiitikia kuliko wote.

Kulikuwa na mhubiri kijana aliyerudi kutoka masomoni Uarabuni, mwenye sauti nzuri na kanzu fupi. Alikuja na hoja kwamba mawe yale ni bid'a, yaani uzushi katika dini, tena ni ukafiri, kwa kuwa hukumu ni ya Mungu peke yake na binadamu hana ruhusa ya kuhesabiana rai. Alizungumza vizuri na vijana walimpenda. Mwalimu alimwacha amalize, akainuka kwa shida.

"Sheikh wangu, iko kweli, hukumu ni ya Mungu. Sasa niambie. Ufunguo ya choo, Mungu alimupatia nani?"

Watu wakacheka. Mhubiri akasema hayo ni mambo madogo.

"Mi nasema njo ile ile madogo," Mwalimu akajibu, kwa ile "njo" ya kwetu, yaani ndiyo. "Mutu akishika ufunguo ya choo na kusema ni Mungu alimupatia, tutaenda kujisaidia wapi?"

Kicheko kilienda mpaka barabarani, nami nilicheka mpaka machozi. Nilikuwa sijawa Prezida.

Nilichaguliwa kwa mawe, tena mengi. Nakumbuka mlio wao nyuma ya mgongo wangu, nikiwa nimetazama ukuta wa tangi wenye ukungu. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile, na Mungu anisamehe, hata adhana. Niligeuka nikaona dumu langu limejaa. Mwalimu akanipa ufunguo, akanishika mkono kwa muda mrefu, akasema, "Miaka tatu, mutoto wangu." Nikasema naam.

Jirani yake Mwalimu, mlango kwa mlango, ni mama mmoja Mkatoliki kutoka upande wa Butembo, muuza vitunguu. Kwa miaka mingi walisaidiana moto na chumvi. Kisha kaka yake akauawa shambani kule karibu na Beni, na watu wa msituni wanaosema wanapigania Uislamu. Mama akarudi kutoka matangani akiwa hasalimii tena. Akimwona Mwalimu anaingia ndani. Mwalimu hakumlaumu, ila nilimwona akikaa kwenye kiti chake uani, amemgeukia, akisubiri.

Siku moja nilikuwa pale, nimeenda kwa habari za bomba la tangi linalovuja. Mama akatoka, akasimama kwenye uzio wa miti, mikono ina maganda ya vitunguu.

"Papa Mwalimu, niulize kitu, usikasirike."

"Uliza, Mama."

"Bale batu ba ku pori banasema banapigana juu ya dini yenu. Siku dini yenu itatawala, mie nitaenda wapi?"

Mwalimu alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Mama, nikikuambia dini yetu ni ya amani, itakuwa maneno tu. Maneno, hata bale bauaji beko nayo." Akanyoosha fimbo kuelekea msikitini. "Siku tutachagua komite, kuya usimame ku mulango. Uone vile tunawekaka mutu, na vile tunamutoaka. Kisha wewe mwenyewe utajua kama unaweza kuishi na sisi."

"Banakuya kunifukuza. Mi ni Mukristo."

"Nani atakufukuza? Mawe ni yangu."

"Utaniita?"

"Nitakuita."

Akanigeukia mimi mwenyewe. "Si atakaribishwa, Prezida?" Nikasema karibu sana, Mama, ni nyumba ya wote. Yule mama alinitazama vizuri, akaaga, na kesho yake alimsalimia Mwalimu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Muhula wangu ulipoelekea kwisha, mawe yalitokea kwenye bati. Nilipita nikayaona. Wakati huo vita vilikuwa vinasogea na watu wa Kibumba walikuwa wameteremka kwa barabara ya Rutshuru na magodoro vichwani. Familia nyingi zililala kwenye ua wa msikiti, Wakristo wengi wao, na kamati yetu iliwapa maji usiku na mchana. Ilikuwa kazi nzuri, wala sitajidharau kwa hiyo. Nani angetandika mkeka wa kura juu ya wakimbizi? Mwalimu mwenyewe alisema tungoje. Akayarudisha mawe guniani.

Watu wakahama uani. Mwaka uliofuata mawe yakaoshwa tena. Nikasema tangi linatengenezwa. Kisha vita vikaingia mjini kabisa, mji ukapata wakubwa wengine, mabenki yakafungwa, na sababu zikaja zenyewe bila kuitwa. Katika siasa za nchi hii tuna neno la Kifaransa, glissement, yaani kuteleza: muda wa mkubwa unakwisha lakini yeye anateleza nao tu. Tulikuwa tukiwacheka wanasiasa kwa neno hilo. Sasa mimi nilikuwa nateleza, na nilijua kabisa jina la ninachofanya.

Niseme ukweli ulivyo. Ilinipendeza kuitwa Prezida. Ilinipendeza mtu mzima akinisubiri mlangoni na dumu lake, na mimi nikitafuta ufunguo mfukoni bila haraka. Nilijiambia hakuna mwingine anayeweza kazi hii wakati mgumu kama huu. Huenda ilikuwa kweli. Ila sikutaka kukaa mkekani nisikie kama ni kweli.

"Mawe yamekauka, Prezida," Mwalimu alinikumbusha njiani.

"Inshallah, Mwalimu."

"Usimuwekee Mungu mambo yako."

Halafu nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu natoa sauti bila kutaka. Nilimtafuta yule mhubiri kijana, yule niliyemcheka, nikamwomba hotuba ya Ijumaa. Sikumwambia waziwazi. Nilisema tu kwamba katika nyakati za fitina watu wanahitaji kukumbushwa umoja na utii. Alinielewa kabla sijamaliza. Ijumaa ile akasoma aya ya kuwatii wenye mamlaka, akaifafanua kwa sauti yake nzuri, akaeleza kwamba kumwondoa kiongozi katikati ya tufani ni kuuvunja umma. Hakunitaja. Vichwa viliitikia safu kwa safu. Mtu aliyesema kura ni ukafiri alikuwa ananilindia kiti nilichopewa na kura, na mimi nilikuwa nimekaa safu ya mbele, nimeinamisha macho kama mnyenyekevu.

Baada ya swala Mwalimu alinifuata, anaburuta miguu, ilikuwa imeanza kuvimba. Akanishika mkono.

"Aya ni muzuri. Njo wewe ulimutuma?"

"Hapana, Mwalimu. Ni Mungu alimufungulia."

Tulikuwa bado ndani ya msikiti. Aliuachia mkono wangu taratibu. Hakunitajia mawe tena tangu siku hiyo, nami nikapumua. Nilipumua, ndiyo. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa msimu wa mvua kubwa. Alinipigia simu, akasema niende kwake, kuna kazi. Njiani nilipanga maneno yangu yote: usalama, watu waliohama, wakubwa wapya ambao hawapendi mikutano. Nilimkuta kwenye kiti uani, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaniuliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja kwa jina. Akaniuliza kama mke wangu amepona kifua. Nikajibu, nikingoja. Mkewe akaleta chai. Nikainywa, bado nangoja.

"Nyanyua ile gunia," akasema.

Lilikuwa limeegemea ukuta. Nililijua kabla sijalishika.

"Maji inaingia kwa jirani. Mulango yake ni matope tupu, ataanguka. Mwaga pale."

"Mwalimu, haya ni mawe ya..."

"Najua ni ya nini. Mi njo niliyaokota."

Nililibeba begani. Akanifuata na fimbo yake ya mkaratusi, polepole, akikataa kushikwa mkono. Nikamwaga mawe mlangoni kwa yule mama, kwenye matope. Yalikuwa meusi, safi, hayana hata vumbi. Alikuwa ameyaosha mwaka huo pia. Kwa miguu ile, aliinama juu ya beseni akayaosha, akijua.

Mama akatoka akijifuta mikono. Akashukuru, akachutama, akaokota moja. Akaligeuza.

"Papa Mwalimu, ile si mawe yenu ya kura? Ile ulisema nitakuya kuona?"

"Njo yenyewe."

"Kumbe mulishachagua!" Uso wake ulibadilika. "Na haukuniita. Mi nilingojea. Kila Ijumaa nilikuwa nasikilizia kama utaniita."

"Nisamehe, Mama," akasema Mwalimu. "Sikukuita."

Nilikuwa nimesimama na gunia tupu mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu la Kiswahili lingetosha: "bado". Bado hatujachagua, Mama, na kosa ni langu. Nikaanza kulikunja gunia.

"Haizuru," akasema mama, akajitahidi kutabasamu. "Vita ilitusahaulisha mingi. Na nani alishinda?"

Mwalimu alinitazama. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo. Hasira yake niliizoea tangu utotoni. Alinitazama kwa uchovu, kama alivyoitazama redio ikitaja nchi ambayo alishajua habari yake itaishia wapi.

"Ni huyu," akasema.

Mama akafuta tena mkono wake kwenye kitenge, akaninyooshea kunipa hongera. "Félicitations, Prezida. Kama batu bako balikutaka tena, basi uko mutu muzuri." Nikampa mkono wangu. Mwalimu alikuwa ameshageuka, anasawazisha mawe kwa ncha ya fimbo ili yakae vizuri njiani.

Mawe yale bado yapo. Yamezama kidogo kwenye udongo, lakini mvua ikinyesha yanaoshwa yanang'aa, na mlango wake haupitiki bila kuyakanyaga. Njia yangu ya msikitini inapita hapo. Mama akinisikia anainua kichwa kwenye vitunguu vyake.

"Bonjour, Prezida," ananisalimia.

Nami naitika, "Bonjour, Mama," naenda kufungua tangi.